Nasaha kwa Kijana Atokaye Kwao kwenda Chuo Kikuu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyempa mwanadamu akili na kalamu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu, kila mtu aliyefika umri wa miaka hamsini huwa na tamaa moja aliyoificha moyoni: lau angalipata kukutana na yule kijana aliyekuwa yeye mwenyewe, siku ile alipofunga mzigo wake kutoka kwao, akamketisha kitako, akampa maneno mawili matatu kabla hajapanda chombo. Tamaa hiyo haipatikani, kwani ujana ukisha kupita hauna marejeo. Walakini maneno yenyewe hayakupotea. Yamebaki kifuani mwa mtu mzima, nayo ni amana, na amana haina budi kufikishwa kwa mwenyewe. Na wenyewe leo ni vijana wa mtaani, wana wa ndugu na wana wa jirani, ambao kila mwaka hufunga mizigo yao kwenda vyuo vikuu vya mbali. Mtume (s.a.w.) ameifanya nasaha kuwa ndiyo dini, basi anyamazaye hali anajua huwa amepunguza katika dini yake.

Kwa hiyo katika karatasi hizi yamekusanywa yale ambayo mtu mzima mwenye kufikiri angaliuambia ujana wake. Baba na ayasome, kisha ampe mwanawe ayasome.

FASILI YA KWANZA: JUU YA CHUO NA CHUO

Watu wa pwani tangu zamani walipotaja chuo walikusudia mahali afunzwapo mtoto Qurani. Kumtia mtoto chuoni maana yake ilikuwa kumpeleka kwa Mwalimu, na ubao wake na wino wake, akaanza alifu na bee. Na kitabu nacho kiliitwa chuo. Kisha zikaja skuli za serikali, na baada yake mafunzo makubwa zaidi, na neno lile lile likachukuliwa, pakasemwa chuo kikuu. Basi kijana wa leo hutoka chuo akaingia chuo, na mengi katika khabari hii yamo katika njia iliyo baina ya vyuo hivyo viwili.

Wazee wengi waliziogopa skuli hizo, nao hawakuwa wajinga katika khofu yao, kwani waliona nyingine zikimpa mtoto kusoma kwa mkono mmoja na kumnyang'anya dini yake kwa mkono wa pili. Lakini wanavyuoni wa pwani hii hawakunyamaza. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alitoa gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, na miongoni mwa aliyowahimiza Waislamu ni kutafuta ilimu yenye manufaa ya zama zao bila ya kuiacha dini. Na mwanafunzi wake, marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, alikuwa mwalimu wa skuli za serikali Unguja, na yeye huyo ndiye aliyewatolea Waswahili tafsiri ya Qurani Tukufu iliyokamilika kupigwa chapa mwaka 1969. Huyo ni shahidi ya kuwa ilimu mbili zaweza kukaa katika kifua kimoja.

Na milango yenyewe imefunguka mmoja baada ya mmoja. Makerere kilianzishwa Kampala mwaka 1922. Mombasa, Taasisi ya Elimu ya Waislamu ilianza kusomesha ufundi mwaka 1951, nayo ndiyo asili ya chuo ambacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, kikawa chuo kikuu kinachosimama peke yake mwaka 1970. Kwa hiyo suala la kwenda au kutokwenda limekwisha. Vijana wa Lamu na Pemba, wa Tanga na Kilwa, huenda, na watazidi kwenda. Suala lililobaki ni hili: kijana aendapo, huchukua nini pamoja naye, na arudipo, hurudi na nini?

FASILI YA PILI: JUU YA MACHO YA MJI

Kijana akiwa kwao huwa na walinzi asiowahesabu. Alfajiri muadhini humwamsha, na akizidisha usingizi baba yake humgongea mlango. Asipoonekana katika safu ya sala, Mwalimu humwuliza. Akipita mahali pasipomfalia, khabari hufika nyumbani kabla yake, kwa ulimi wa shangazi au wa muuza kahawa. Basi husali, na hufunga, na huwa na adabu, na watu wote humsifu, wakasema, "Mtoto wa fulani ameleleka."

Lakini hapo pana jambo lililofichika, na wengi hawalijui ila baada ya miaka mingi. Kijana yule hajui bado kama anasali kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, au anasali kwa ajili ya mji. Mji umemchukua mabegani mwake, kama chombo kilichofungwa gatini, na kila chombo kikiwa gatini huonekana kimetulia. Nahodha hajulikani pale. Hujulikana chombo kikisha kutoka nje ya mwamba.

Basi akafika chuo kikuu. Akapewa chumba, pamoja na mwenzi asiyemjua. Ikafika alfajiri ya kwanza. Hapana agongaye mlango. Pengine adhana haisikiki, na mwenzi wake amelala, na baridi ya bara ni kali kuliko aliyoizoea. Akilala, hapana atakayemwuliza. Akiamka, hapana atakayemsifu. Saa hiyo, enyi ndugu, ndiyo mtihani wake wa kwanza, nao huja kabla ya karatasi ya mwalimu yeyote. Na matokeo yake hayabandikwi ukutani.

Jibrili alipomwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ihsani, jawabu lake lilikuwa na maana hii: mja amwabudu Mola wake kama kwamba anamwona, na ikiwa yeye hamwoni, ajue yakini kuwa Mola anamwona. Kila mtoto wa madrasa ameihifadhi hadithi hiyo, na huisoma bila ya kukosea. Walakini kuihifadhi ni jambo, na kuijua ni jambo jingine. Kule kwao aliihifadhi; kule ugenini ndiko atakakoijua, ikiwa Mwenyezi Mungu amemtakia kheri.

Kwa hiyo lau mtu mzima angaliuambia ujana wake neno moja tu, angaliuambia hili: usingoje kufika ugenini ndipo uanze kuwa na Mola wako peke yako. Kijana aliyebakisha miezi miwili au mitatu kabla ya safari na amwambie baba yake asimgongee tena mlango. Aamke mwenyewe. Asali rakaa mbili usiku asizozijua mtu. Atoe sadaka ndogo bila ya kuitaja. Asome Qurani yake mahali pasipo na msikilizaji. Akiyafanya hayo hali yumo katika macho ya mji, macho yakiondoka hayataondoka na dini yake.

FASILI YA TATU: JUU YA WALIOTANGULIA

Kuhama kwa ajili ya ilimu si jambo geni katika Uislamu. Katika Surat al-Kahf, Mwenyezi Mungu amesimulia safari ya Nabii Musa (a.s.) kumwendea yule mja mwema aliyepewa ilimu makhsusi. Musa ni Mtume, naye aliomba ruhusa afuate ili afunzwe, hakuingia kwa kujiona. Na sharti la kwanza aliloambiwa lilikuwa subira, kwa sababu mwanafunzi huona jambo kwa nje kabla hajajua ndani yake. Kijana anayekata tamaa katika mwezi wa kwanza, kwa kuwa masomo ni mazito na lugha ya walimu ni ngumu, na aikumbuke safari hiyo.

Na Imamu Shafi'i (r.a.), ambaye watu wa pwani hii hufuata madhehebu yake, alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, akafiwa na baba yake hali ni mdogo. Mama yake akamchukua mpaka Makka. Ufukara wao ulikuwa hivi, kwamba mama hakuwa na cha kumlipa mwalimu, na mwalimu aliridhika kwa kuwa mtoto yule akiwaangalia wenziwe yeye anapokuwa hayupo. Karatasi hakuwa nayo. Aliandika juu ya mifupa, na nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika. Imepokewa kuwa aliihifadhi Qurani akiwa na umri wa miaka 7, na Muwatta ya Imamu Malik akiwa na miaka 10. Kisha, akiwa kijana, akatoka Makka kwenda Madina kwa Imamu Malik mwenyewe, akasoma kwake mpaka Imamu Malik alipofariki mwaka 179.

Imesimuliwa kuwa Imamu Malik alipoiona akili ya kijana huyu, jambo alilomwusia halikuwa kuzidisha kusoma. Alimwusia amche Mwenyezi Mungu na ajiepushe na maasi, kwa kuwa Mungu ametia nuru katika moyo wake, naye asiizime nuru hiyo kwa dhambi. Tazameni, enyi ndugu! Mwalimu mkubwa wa zama zake hakumkhofia mwanafunzi yule uvivu, wala ufukara, wala ugumu wa kitabu. Alimkhofia dhambi. Na kijana wa leo, mwenye akili pungufu ya ile na vishawishi vingi kuliko vile, amestahiki zaidi kuukhofia moyo wake.

FASILI YA NNE: JUU YA SALA YA MWANAFUNZI

Yako mambo ambayo vijana huyachanganya, na kuyachanganya kwao huwatoa katika sala kidogo kidogo. Basi yafaa yaelezwe kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i.

Kwanza, safari. Kijana atokaye Lamu kwenda Nairobi, au Mombasa kwenda Kampala, akisha kuuacha mji wake ni msafiri, kwani masafa hayo yamepita marhala mbili. Akiwa njiani yajuzu afupishe adhuhuri na alasiri na isha, ziwe rakaa mbili mbili, na yajuzu akusanye adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha, kwa masharti yake yanayojulikana. Lakini akifika chuoni hali amenuia kukaa siku 4 au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, ruhusa ile imekwisha. Yeye sasa ni mkaaji. Husali sala kamili, na hufunga Ramadhani pamoja na wakaaji. Na asemaye, "Mimi mgeni hapa, kwetu ni pwani," akafupisha miezi mitatu mizima, sala hizo hakuzisali kama zipasavyo, na deni lake liko shingoni.

Pili, darasa. Hukuta mwalimu anaanza saa saba na kumaliza saa tisa, naye akadhani adhuhuri imempita, au akaikusanya na alasiri. Hilo halifai. Wakati wa adhuhuri huanza jua linapopinduka, na huendelea mpaka kivuli cha kitu kiwe sawa na kitu chenyewe, mbali na kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa utosini. Muda huo ni zaidi ya saa mbili, na sala yenyewe pamoja na udhu haifiki robo saa. Atazame ratiba yake tangu siku ya kwanza, aandike wakati wa kila sala pembeni mwa kila darasa, naye ataona kuwa nafasi ipo. Aliyeikosa nafasi hiyo aghalabu hakuitafuta.

Tatu, Ijumaa. Mwanafunzi mkaaji, ijapokuwa hakuufanya mji ule kuwa kwao, Ijumaa ni wajibu juu yake panaposaliwa, ingawa yeye hahesabiwi katika wale watu arubaini ambao Ijumaa hufungika kwao. Na ikiwa darasa limepangwa wakati wa khutuba, na amwendee mwalimu mapema, kwa adabu, si siku ile ile, wala si kwa ugomvi, amweleze haja yake. Walimu wengi huiheshimu haja iliyosemwa kwa adabu, hata wasiokuwa Waislamu. Ama anayenyamaza kwa haya, kisha akaiacha Ijumaa moja, na ya pili, na ya tatu, huyo amewaonea haya viumbe akamwacha Muumba.

Nne, Qurani. Mtume (s.a.w.) ameifananisha Qurani na ngamia waliofungwa kamba: mwenyewe akiwaangalia hubaki, na akiwaachilia huenda zao. Kijana aliyekhitimu kwa Mwalimu akashangiliwa na kufukizwa ubani, kisha akafunga msahafu mpaka amalize chuo kikuu, atarudi amekosa asichokijua thamani yake. Robo ya juzuu kila siku baada ya sala ya alfajiri si kazi kubwa, na kwa robo hiyo atakhitimu kila siku 120, yaani mara tatu kwa mwaka bila ya kutaabika.

FASILI YA TANO: JUU YA MARAFIKI NA MALI

Mtume (s.a.w.) amemfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mwenye kuvukuta moto. Wa kwanza, hata usiponunua kwake, utaondoka na harufu nzuri; wa pili, hata asipokuchoma nguo, utaondoka na harufu ya moshi. Na wiki mbili za kwanza chuoni ndizo ambazo aghalabu mtu huchagua duka atakaloketi. Mgeni ana upweke, na mpweke humshika yeyote anayemchekea. Basi kijana asikimbilie. Auulize kwanza msikiti uko wapi, na walioko pale ndio awajue wa mwanzo. Hii si kusema awachukie wengine. Atakaa chumba kimoja na Mkristo, atasoma na Mhindi na mtu wa bara, na wote hao wana haki yao juu yake, haki ya ujirani na ya salama na ya kusema kweli. Lakini mtu wa kumfungulia moyo, na wa kumfuata anapotoka usiku, huyo ni wa kuchaguliwa kwa dini.

Na wanafunzi wanawake anaosoma nao ni amana za watu. Kila mmoja ana baba anayemwombea dua usiku kama mama yake kijana amwombeavyo yeye. Ainamishe jicho lake, aseme nao kwa haja ya masomo na kwa heshima, wala asikae faragha na asiyekuwa maharimu wake. Akitaka mke, mlango unajulikana, na wazee wako.

Ama mali, hapa pameangamia wengi katika miaka hii. Fedha za masomo hazikuanguka mbinguni. Baba ameuza minazi, au mjomba ameweka rehani, au mama amechoma maandazi tangu alfajiri, au watu wa mtaa wamechanga. Kijana hupokea fedha za miezi mitatu kwa siku moja, katika simu yake ya mkononi, na simu hiyo hiyo humwonesha mlango wa kamari, akaambiwa abashirie mpira, atie kidogo atoe kingi. Kamari ni kamari, ikichezwa kwa kete au kwa simu, na Mwenyezi Mungu ameitaja pamoja na ulevi katika Surat al-Maida, akaamrisha iepukwe. Anayeanza kwa kitu kidogo hucheza ili afurahi, kisha hucheza ili arudishe alichokosa, kisha hucheza fedha za ada. Dawa yake ni kutoanza. Na kwa fedha zilizobaki, siku ile ile aipokeapo na alipe ada na chumba, na agawe chakula kwa wiki, kabla hajanunua nguo. Na mkopo wowote uliotiwa riba, amwulize mwanachuoni kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

FASILI YA SITA: JUU YA ILIMU YENYEWE

Pengine kijana husema moyoni, "Nalisoma dini kwa Mwalimu, sasa nasoma dunia." Huo ni mgawanyo usio sawa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika Ihyaa kuwa ilimu ya tiba na ilimu ya hesabu ni katika fardhi za kifaya: mji usipokuwa na azijuaye, watu wake wote wana dhambi. Basi anayesoma uganga wa hospitali, au ujenzi wa madaraja, au sharia, au ualimu, akinuia kuwaondolea Waislamu na jirani zao taabu, huyo yumo katika ibada hali ameketi darasani. Na akinuia kuitwa msomi tu, amepata ujira wake katika kuitwa huko.

Na kwa kuwa ni ibada, hairuhusiwi kuichafua kwa hila. Kunakili jawabu la mwenzio katika mtihani, au kumlipa mtu akuandikie, ni ghushi, na Mtume (s.a.w.) amemtoa mwenye ghushi katika jamaa yake. Wala asiseme mtu, "Ni mtihani wa makafiri." Ghushi ni ghushi. Na aliyepata cheti cha uganga kwa hila atamtibu nani? Atamtibu mama wa mtu, na kila kosa lake litaandikwa.

Kisha pana maradhi moja yampatayo msomi mwaka wa pili au wa tatu. Hurudi likizo, akapita mbele ya Mwalimu wake wa zamani, mwenye kanzu iliyochakaa, aketiye juu ya mkeka na watoto, naye akamwona mdogo. Akamsahihisha mbele ya watu, au akapita bila ya kumwamkia. Huyo hajasoma bado. Mwalimu yule ndiye aliyemfundisha herufi ya kwanza, na herufi zote zilizofuata zimesimama juu ya hiyo. Dalili ya ilimu yenye baraka ni kuwa mwenyewe, kila anapozidi kujua, huzidi kuinama kuubusu mkono uliomshika alipokuwa hajui.

FASILI YA SABA: JUU YA ALIYETELEZA

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote, na watu wazima wengi huona haya kulitaja. Vijana wengine huteleza. Waliacha sala, au waliingia katika ulevi, au walicheza ada yao, au walifeli mtihani. Na ukichunguza, wengi wao hawakuangamizwa na kosa lenyewe. Waliangamizwa na haya iliyofuata. Kijana aliacha sala wiki moja, akaona haya kurudi msikitini, kwa kuwa wenziwe watamwuliza alikuwa wapi. Alipoteza ada, akaona haya kumwambia baba yake, akakopa, akasema uwongo, akakopa tena. Akaacha kupokea simu ya mama yake. Likizo ikaja asirudi kwao. Kosa la siku moja likawa ghiba ya miaka.

Basi kijana na ajue kuwa mlango wa toba haukufungwa, wala hauna bawabu anayeuliza maswali. Atawadhe, asali iliyo mbele yake, kisha alipe zilizopita kwa kadiri awezavyo. Alie kwa Mola wake usiku ule ule, wala asingoje awe mwema kwanza ndipo atubu, kwani toba ndiyo njia ya kuwa mwema. Kisha ampigie simu baba yake, aseme kweli. Neno hilo ni chungu kwa saa moja. Uwongo ni mchungu kwa umri mzima.

Na kwa baba pana nasaha pia. Mwanao akikwambia kweli, usimfanye ajute kuisema. Mkanye, mwoneshe uzito wa jambo, lakini usimfukuze, wala usimtangaze barazani. Nabii Yaaqub (a.s.) aliwakosea wanawe? Hakuwakosea, wao ndio waliomkosea, kwa kosa kubwa la kumtupa ndugu yao na kumdanganya baba yao. Na walipokuja wakakiri na kumtaka awaombee msamaha, aliwaahidi kuwaombea. Baba aliye mkali kwa kosa na laini kwa toba hubaki na mwanawe. Na aliye mkali kwa vyote viwili hubaki na ukali wake. Mwulize kwa simu, usiishie kumwuliza matokeo na fedha. Mwulize hali ya moyo wake, na kama ana mtu wa kusali naye. Na Mwalimu wa madrasa, na watu wa msikiti, wasimsahau mtoto wa mtaa akisha kuondoka. Barua, au neno katika simu, au salamu kwa aendaye kule, huenda ikamfika katika usiku ambao hana mwingine.

KHATIMA

Jumla ya maneno haya ni kuwa mji humlea kijana kwa macho yake, na siku moja macho hayo hayana budi kumwacha. Hiyo si hasara. Mti hauwi mti mpaka uondolewe nguzo uliyofungiwa. Aliyetoka kwao na dini ya mji, asipojihadhari, huipoteza njiani. Na aliyetoka na dini yake mwenyewe, hata akikaa miaka minne peke yake katika nchi ya baridi, hurudi nayo imezidi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wa Kiislamu walioko mbali na kwao, awape ilimu yenye manufaa na moyo wenye unyenyekevu, awaamshe alfajiri pasipo mwenye kuwaamsha, awarudishe kwa wazee wao hali wazee wangali hai, na awasamehe waliotangulia ambao walitaka kuusia wasipate nafasi. Amin, Rabbal aalamin.

Wa swallallahu alaa sayyidina Muhammad, wa alaa aalihi wa swahbihi wa sallam.